Kwa nini barabara ya kulipia haina mashimo? Hesabu iliyo nyuma ya ubia wa serikali na kampuni za kibinafsi

Ukiwa ndani ya matatu pale Bellevue kwenye Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, unaona barabara mbili kwa wakati mmoja. Moja iko juu ya nguzo, magari yanateleza tu, mistari yake meupe inaonekana vizuri. Nyingine ni hii uliyomo wewe, ambapo dereva anakwepa shimo, makanga anashikilia mlango, na wewe unashikilia simu isianguke. Mji ni mmoja, mvua ni ileile, jua ni lilelile. Mbona hali tofauti hivi?

Jibu la haraka ni kwamba ya juu inalipiwa. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kupitisha magari Mei 2022, na tangu Januari 2024 gari dogo linalopita mwanzo hadi mwisho hulipa Sh500. Lakini hebu tupige hesabu kidogo. Kila lita ya petroli au dizeli unayonunua Kenya ina ushuru wa Sh25 wa kutunza barabara. Ukijaza lita 20 umelipa Sh500 za barabara, hata kama hujawahi kugusa Expressway maishani. Na hata wewe wa matatu unalipa, maana dereva lazima aitoe pesa hiyo kwenye nauli yako.

Kwa hiyo wote tunalipa. Swali la maana ni hili: kati ya pesa kutoka mfukoni mwako na lami kukaa imara, ni nani anayepata hasara barabara ikiharibika? Hapo ndipo ubia kati ya serikali na sekta ya kibinafsi, ule wengi wetu tunauita PPP, unapoingia. Makala hii inaeleza jinsi unavyofanya kazi, kwa nini wakati mwingine unaleta barabara nzuri kweli, na kwa nini wakati mwingine unaacha nchi na deni.

Kwanza, barabara inakufaje?

Lami unayoiona ni ngozi tu. Chini yake kuna tabaka la kokoto zilizoshindiliwa, chini ya hilo kuna tabaka lingine la changarawe au udongo ulioimarishwa, na chini kabisa kuna udongo asilia wa mahali penyewe. Kazi ya matabaka haya ni kutawanya uzito. Tairi la lori linakandamiza eneo dogo sana pale juu, lakini mpaka nguvu ile ifike kwenye udongo inapaswa kuwa imesambaa kiasi kwamba udongo hausikii sana.

Adui wa kwanza ni maji. Udongo mkavu ni mgumu, ukilowa unalegea. Ufa mdogo kwenye lami usiozibwa unaruhusu maji kushuka, kokoto zinaanza kuchezacheza, tairi zinapita juu zikizisukuma, na baada ya mvua chache ufa umekuwa shimo. Ndiyo maana wahandisi husema mtaro ulioziba huua barabara kuliko gari lolote. Ni kazi ya koleo na toroli, lakini isipofanywa unakuja kuhitaji mashine za mamilioni.

Adui wa pili ni uzito, na hapa kuna hesabu moja inayoshangaza watu wengi. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walijenga vipande vya barabara vya majaribio na kuwafanya wanajeshi waendeshe malori juu yake mchana na usiku kwa takriban miaka miwili. Kutokana na matokeo yale tukapata kanuni inayoitwa ya kipeo cha nne: ukiongeza uzito kwenye ekseli mara mbili, uharibifu hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara 16, yaani 2 × 2 × 2 × 2.

Tuijaribu kwa magari yetu. Gari dogo la tani moja lina takriban nusu tani kwa kila ekseli. Ekseli moja ya lori yenye tairi mbili kila upande inaruhusiwa kubeba hadi tani 10 katika nchi za Afrika Mashariki. Hiyo ni mara 20 ya ekseli ya gari dogo. Ishirini kwa kipeo cha nne ni 160,000. Yaani ekseli moja tu ya lori, tena iliyopakiwa kihalali, inaichosha barabara sawa na ekseli 160,000 za gari dogo. Kanuni hii ni makadirio, na kipeo chenyewe hubadilika kulingana na aina ya barabara, lakini picha ni hiyo. Sasa lori lile likizidisha mzigo kwa asilimia 20, uharibifu wake unakuwa zaidi ya mara mbili, kwa sababu 1.2 kwa kipeo cha nne ni kama 2.07. Mwenye mzigo ameongeza faida kidogo. Barabara imepoteza nusu ya maisha yake.

Kwa haki niseme pia kwamba ulinganisho wangu wa mwanzo hauko sawa kabisa. Expressway bado ni changa, na magari mengi yanayopita juu ni madogo. Mombasa Road inabeba malori ya kutoka bandarini. Kwa hiyo tusiipe kampuni sifa zote ambazo baadhi yake ni za fizikia.

Shida ya kandarasi ya kawaida

Tumeona kwamba barabara inaokolewa na vitu vitatu: kujengwa vizuri, kuzibwa nyufa mapema, na kudhibiti uzito. Kwa mtindo wa kawaida, vitu hivi vitatu viko mikononi mwa watu watatu tofauti. Serikali inachora, inatangaza zabuni, na mara nyingi aliyetaja bei ya chini anapewa kazi. Anajenga, anasubiri kipindi kifupi cha kurekebisha kasoro, kwa kawaida mwaka mmoja hivi, kisha anakusanya mashine zake na kwenda. Matengenezo yanabaki kwa idara nyingine yenye bajeti nyingine. Mizani iko chini ya kitengo kingine.

Sasa jiweke kwenye viatu vya mkandarasi. Ukipunguza sentimita chache za kokoto, unaokoa pesa leo. Barabara itaanza kulegea mwaka wa nne. Wewe hutakuwepo. Si lazima uwe mtu mbaya ili ufanye hivyo. Mfumo wenyewe unakulipa ufanye hivyo. Na upande wa serikali mambo ni yaleyale: kukata utepe wa barabara mpya kunaonekana kwenye runinga, kuzibua mtaro hakuonekani popote. Bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa ni mtaro.

Tuweke mfano wa kubuni. Tuseme kuna barabara mbili za urefu sawa. Ya kwanza inajengwa kwa milioni 80, lakini kila baada ya miaka mitatu inahitaji kukarabatiwa kwa milioni 15. Ya pili inajengwa kwa milioni 100, na inahitaji kuwekewa tabaka jipya la juu kwa milioni 10 kila baada ya miaka minane. Ndani ya miaka 24 ya kwanza itakuwa imekarabatiwa mara saba: 80 jumlisha 105, jumla milioni 185. Ya pili itakuwa imetengenezwa mara mbili: 100 jumlisha 20, jumla milioni 120. Nimepuuza riba ili hesabu iwe nyepesi. Ukiiweka tofauti inapungua. Lakini angalia: kwenye zabuni ya kawaida, inayoshinda ni ya milioni 80.

Ubia unabadilisha nini hasa?

Wengi hudhani faida ya ubia ni kwamba kampuni inaleta pesa ambazo serikali haina. Hiyo ni nusu ya ukweli, tena ile nusu inayopotosha. Kampuni haigawi sadaka. Inakopa benki, mara nyingi kwa riba iliyo juu kuliko ambayo serikali ingekopa, na mwishowe deni lile linalipwa na watu haohao: anayepita kwenye barabara au anayelipa kodi. Ikiwa faida pekee ya ubia ni pesa, basi tumechukua mkopo wa bei ghali.

Faida ya kweli iko kwenye kufunga kazi zote katika mkataba mmoja. Kampuni ileile inasanifu, inatafuta fedha, inajenga, na inatunza kwa miaka 10, 20 au 30, kisha inairudisha barabara kwa serikali ikiwa katika hali iliyoandikwa kwenye mkataba. Ghafla hesabu ya mkandarasi inageuka. Kokoto alizopunguza leo atakuja kuzinunua mwenyewe mwaka wa nne, kwa bei ya juu. Mtaro ulioziba ni hasara yake. Lori lililozidisha uzito linapita juu ya pesa zake. Ile milioni 80 inaacha kuvutia.

Kuna njia kuu tatu za kumlipa.

Ya kwanza ni tozo, kama Expressway: anayepita analipa. Kampuni ya Moja Expressway inaiendesha barabara ile kwa miaka 27, kisha inarudi kwa serikali. Ilijengwa na China Road and Bridge Corporation, CRBC.

Ya pili ni malipo ya awamu kutoka serikalini, na hakuna kibanda cha tozo. Kenya ina mfano: barabara ya Ngong–Kiserian–Isinya pamoja na Kajiado–Imaroro, kama kilomita 91. Mkataba ulitaka kampuni itafute fedha, ijenge kwa miaka miwili, kisha itunze kwa miaka minane huku ikilipwa kidogo kidogo. Barabara isipokuwa katika hali iliyokubaliwa, malipo yanakatwa. Mpango huu ulipotangazwa mara ya kwanza ulilenga kilomita 10,000. Zilizopatikana ni sehemu ndogo tu, maana benki zilitaka uhakika kwamba serikali italipa kila awamu kwa miaka yote hiyo.

Ya tatu ni kandarasi ya matengenezo inayolipwa kwa matokeo. Hapa hakuna ujenzi mkubwa. Badala ya kumlipa mtu kwa kila shimo analoziba (ambapo mashimo mengi ni biashara nzuri kwake!), unamlipa kiasi fulani kila mwezi ili mashimo yasiwepo. Kenya imeitumia kwenye barabara kadhaa. Ni ndogo, haina utepe wa kukata, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuzungumziwa zaidi.

Ubora unapimwa, hausemwi

Mkataba ukisema tu kwamba barabara iwe nzuri, mawakili watakula vizuri na wewe utaendelea kurushwa kwenye kiti. Lazima ubora uwe namba.

Namba inayojulikana zaidi ni kipimo cha kimataifa cha mkwaruzo wa barabara, IRI. Kilitokana na majaribio ya Benki ya Dunia yaliyofanyika Brazil mwaka 1982. Wazo lake ni rahisi: chukua gari la mfano, liendeshe, ujumlishe springi zake zimepanda na kushuka mita ngapi katika kila kilomita. Lami mpya nzuri huwa na takriban mita 2 kwa kilomita au chini ya hapo. Ikifika 6, barabara imechoka, na kikombe cha chai hakikai.

Tuone maana yake. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Kwa kipimo cha 2, springi za gari zitakuwa zimecheza jumla ya mita 960. Kwa kipimo cha 6, ni mita 2,880, karibu kilomita tatu za kurushwa juu na chini. Nguvu hiyo yote inatoka kwenye mafuta, tairi, na mgongo wako. Ndiyo maana barabara mbovu ni ghali hata kama haina tozo. Ankara yake inakuja kupitia fundi wa gari na bei ya nyanya sokoni.

Zipo namba nyingine pia. Wahandisi hupima kina cha mabonde yanayochimbwa na tairi. Hutumia mashine inayoangusha uzito juu ya lami na kusoma lami imebonyea kiasi gani, hivyo wanajua afya ya matabaka ya chini bila kuchimba. Hupima urefu wa nyufa, usafi wa mitaro, mwangaza wa alama. Mkataba mzuri unasema: kipimo kikivuka hapa, una siku kadhaa za kurekebisha, ukichelewa, tunakata kiasi hiki. Na jambo la kupendeza kwa wanafunzi: simu yako ina kihisi cha mtikisiko, na kwa programu ndogo unaweza kupata makadirio ya mkwaruzo wa barabara ya kwenu. Hayatakuwa sahihi kama ya mashine, lakini yanatosha kuanzisha mjadala na mheshimiwa.

Mfano wa karibu: barabara ya N4

Tusiende mbali kwanza. Vita vilipoisha Msumbiji na ubaguzi wa rangi ukaanguka Afrika Kusini, nchi hizi mbili zilitaka kufufua njia ya kutoka Gauteng hadi bandari ya Maputo. Mwaka 1997 zilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Trans African Concessions, TRAC. Ijenge, ipanue, iitunze barabara ya N4 yenye zaidi ya kilomita 500, ikusanye tozo, kisha iirudishe.

Mambo matatu yanafaa kujifunza pale. Kwanza, mizani. Kwa kuwa lori lililozidi uzito linamharibia mwenye mkataba mali yake, udhibiti wa uzito uliwekwa ndani ya mpango tangu mwanzo, si jambo la kukumbukwa baadaye. Pili, magari yalikuwa mengi upande wa Afrika Kusini na machache upande wa Msumbiji, kwa hiyo mapato ya upande mmoja yalisaidia kubeba upande wa pili. Kipande cha Msumbiji kingekuwa peke yake, pengine hakuna benki ingekigusa. Tatu, wakazi wa karibu na magari ya abiria walipewa punguzo kwenye baadhi ya vibanda, maana mtu anayevuka kibanda kila siku kwenda kazini hawezi kutozwa sawa na lori la makaa ya mawe. Punguzo lile halikuwa zawadi. Lilikuja kwa sababu watu walilalamika, na mkataba ukapata nafasi ya kuwasikia.

Pale hesabu inapokataa

Sasa tugeuze sarafu. Kati ya 1989 na 1994, Meksiko ilitoa mikataba zaidi ya 50 ya barabara za tozo, jumla ya kilomita kama 5,000. Zabuni zilishindwa na kampuni iliyoahidi kuirudisha barabara kwa serikali mapema zaidi. Inasikika vizuri, si ndiyo? Lakini ukiwa na miaka michache ya kurudisha pesa zako, unaweka tozo ya juu sana. Tozo ikawa juu, malori yakabaki kwenye barabara za zamani za bure yakiendelea kuziharibu, na zile mpya zikakaa nusu tupu. Mwishoni mwa 1994 sarafu yao ikaporomoka, riba zikapaa, na 1997 serikali ikalazimika kuchukua barabara 23 pamoja na madeni. Walipa kodi wakalipia barabara ambazo wengi wao hawakuwa na uwezo wa kuzipita.

Somo la kwanza hapo ni la magari. Hakuna anayejua kwa uhakika ni magari mangapi yatapita mwaka wa kumi na tano. Mtu lazima aibebe hatari hiyo. Serikali ikiahidi kufidia kampuni magari yakipungua, kampuni inalala usingizi na wewe ndiye unayekesha. Kampuni ikiibeba yote, itaomba tozo ya juu kujikinga. Chile walipata njia ya katikati. Mwaka 1998, kwa barabara ya Ruta 68 kati ya Santiago na pwani ya Valparaíso, zabuni haikuuliza unataka miaka mingapi. Iliuliza: unataka jumla ya mapato kiasi gani, kwa thamani ya leo? Aliyetaja kiasi kidogo akashinda. Mkataba unaisha siku kiasi hicho kinapotimia. Magari yakiwa mengi unaisha mapema. Yakiwa machache unarefuka. Kampuni haifilisiki kwa sababu ya miaka mibaya, na wananchi hawakamuliwi miaka mizuri ikija.

Somo la pili ni la sarafu, na hili linatuhusu sana. Tozo inakusanywa kwa shilingi, lakini mkopo mara nyingi ni wa dola. Expressway ilipofunguliwa 2022, dola moja ilikuwa karibu Sh117. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita Sh150. Januari 2024 tozo ya juu kabisa ya gari dogo ikapanda kutoka Sh360 hadi Sh500, na kushuka kwa shilingi kulitajwa kuwa sababu. Lami haikuongezeka hata sentimita moja. Abiria na madereva ndio waliobeba hatari ya dola, na sidhani kama wengi wao walijua kwamba waliibeba.

Na wale wa chini je?

Hapa ndipo mjadala unapouma. Mtu akijenga barabara mpya ya juu na kukuachia ya zamani, unaweza kusema hajakunyang'anya kitu. Lakini ikiwa wenye sauti serikalini wote wameanza kupita juu, nani atapiga kelele kuhusu mashimo ya chini? Ubora wa barabara ya kulipia unaweza kuwa sababu ya kuisahau ile isiyolipiwa, na wanaopita kwenye isiyolipiwa ndio wengi.

Mambo ni magumu zaidi pale barabara ya kulipia inapokuwa ndiyo ileile ya zamani, iliyopanuliwa. Chukua Rironi–Nakuru–Mau Summit, njia kuu ya kwenda magharibi mwa Kenya na Uganda. Mkataba wa kwanza ulisainiwa Paris mwaka 2020 na muungano wa kampuni za Ufaransa zikiongozwa na Vinci, ukavunjwa kabla ya kujengwa. Novemba 2025 Rais William Ruto akazindua ujenzi chini ya mpango mpya, safari hii na kampuni za China pamoja na hazina ya uzeeni ya NSSF. Kiwango cha kuanzia kilichotangazwa kwa gari dogo ni takriban Sh8 kwa kilomita. Kwa kilomita 175 hiyo ni Sh1,400 kwenda tu. Kwa mtu mwenye gari lake ni uamuzi. Kwa mkulima anayepeleka viazi Nairobi kwa gari la kukodi, itaingia kwenye bei ya gunia kabla hajafika sokoni.

Upande wa pili nao una uzito wake. Njia ile imeua watu wengi kwa magari kugongana uso kwa uso, kwa kuwa kila upande una leni moja na malori yanapanda milima polepole mpaka madereva wanakosa subira. Kuitenganisha barabara kunaokoa maisha. Anayesema tusubiri hadi serikali ipate pesa zake lazima pia aseme tusubiri mazishi mangapi. Mimi sina jibu jepesi hapo, na ninamshuku kidogo mtu anayedai analo.

Kuhusu NSSF, majirani zetu Tanzania wametangulia: Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa 2016, lilijengwa kwa fedha nyingi za NSSF ya huko, na wavukaji wakalipia. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa baada ya malalamiko ya muda mrefu. NSSF si kampuni ya kibinafsi, lakini mvutano ni uleule: kila shilingi anayopunguziwa mvukaji, mstaafu anaiulizia iko wapi.

Maswali matano ya kuuliza

Safari ijayo ukisikia mradi wa ubia umetangazwa, usiishie kwenye gharama na idadi ya leni. Uliza haya.

Moja, nani anayeitunza, kwa miaka mingapi, na je, ni yuleyule aliyejenga? Ikiwa hapana, faida kubwa ya ubia imekwisha kupotea.

Mbili, ubora umeandikwa kwa namba gani, nani anapima, na matokeo yanatangazwa wapi? Mpimaji akilipwa na anayepimwa, hapo hakuna kipimo.

Tatu, magari yakiwa machache kuliko ilivyotarajiwa, nani analipa pengo? Na yakiwa mengi kupita kiasi, nani anafaidi?

Nne, tozo imefungwa kwenye sarafu gani?

Tano, asiye na uwezo wa kulipa atapita wapi, na bajeti ya barabara hiyo nyingine imelindwa?

Sheria ya ubia ya Kenya ya 2021 ipo, na Katiba inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Shida ni kwamba mikataba mingi huonekana ikiwa imeshasainiwa, tena vipande vipande. Hapo ndipo sisi tunaosoma mambo haya tunapaswa kusaidia: kuisoma, kuitafsiri kwa lugha ya watu, na kupiga hesabu hadharani.

Turudi Bellevue. Kinachoiweka barabara ya juu katika hali nzuri ni kwamba kuna mtu anayepoteza pesa zake kila inapoharibika. Jambo hilo halihitaji nguzo wala kibanda cha tozo. Linaweza kuandikwa kwenye kandarasi ya barabara ya kijijini ya kilomita 12, ikilipwa kutoka kwa zile Sh25 ambazo tayari unazitoa kwenye kila lita. Siku tutakapoanza kudai hivyo kwa barabara ya chini, makanga ataachilia mlango na wewe utaachilia simu.